Je, aliyeomba kura aweza kutoa haki? Kisa cha Jaji Earl Warren

KILA nafasi ya jaji inapotangazwa humu nchini, minong'ono ya siasa huanza hata kabla ya Tume ya Huduma za Mahakama kuwahoji wawaniaji. Nani aliwahi kukaa bungeni? Nani ni rafiki wa kigogo gani? Jaji Njoki Ndung'u alikuwa mbunge maalum kabla ya kuteuliwa katika Mahakama ya Juu mwaka wa 2011, na hadi leo wapo wanaoamini kuwa mtu aliyewahi kupita katika siasa hafai kukabidhiwa mizani ya haki.

Shaka hiyo ina msingi. Hata hivyo, anayeishikilia angefaa kuitazama historia ya Earl Warren, Jaji Mkuu wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1969, kwa sababu maisha yake yanaithibitisha shaka hiyo na kuikanusha pia.

Warren alizaliwa Los Angeles mwaka wa 1891, mwana wa mfanyakazi wa reli, akalelewa Bakersfield katika jimbo la California. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuanzia 1925 alikuwa kiongozi wa mashtaka wa kaunti ya Alameda, wadhifa ambao huko hupiganiwa kwa kura. Mwaka wa 1938 alichaguliwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na mwaka wa 1942 akachaguliwa gavana. Alishinda ugavana mara tatu mfululizo. Mwaka wa 1946 aliteuliwa kuwa mgombea na chama chake cha Republican na pia na wapinzani wao wa Democratic! Mwaka wa 1948 alikuwa mgombea mwenza wa Thomas Dewey, wakabwagwa na Harry Truman.

Huyo basi alikuwa mwanasiasa kindakindaki, na siasa hizo ndizo zilizomtia doa kubwa zaidi maishani.

Baada ya Japan kushambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, hofu ilitanda pwani ya magharibi ya Marekani. Warren, akiwa Mwanasheria Mkuu na huku akiunyemelea ugavana, alikuwa mstari wa mbele kushinikiza watu wa asili ya Japan waondolewe katika maeneo hayo. Mbele ya kamati ya Bunge mnamo Februari 1942, alidai kwamba kutokuwepo kwa kisa chochote cha hujuma ni ishara kuwa hujuma inapangwa. Itafakari mantiki hiyo, msomaji: ukitenda kosa una hatia, na usipolitenda una hatia zaidi. Watu wapatao 120,000, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, walifungiwa kambini bila kushtakiwa.

Ilikuwaje mwanasheria mwenye tajriba ya zaidi ya miaka 20 akasema maneno kama hayo? Wazee wa jamii hiyo, waliohamia kutoka Japan, walikuwa wamezuiwa na sheria kupata uraia, hivyo hawakuweza kupiga kura. Majirani zao waliowachukia walikuwa na kura. Hesabu ilikuwa rahisi. Warren alieleza majuto yake katika kumbukumbu zake, ambazo zilichapishwa mwaka wa 1977, miaka mitatu baada ya kifo chake. Serikali nayo iliomba radhi kupitia sheria ya 1988 na kuwalipa manusura dola 20,000 kila mmoja.

Mnamo Septemba 1953, Jaji Mkuu Fred Vinson aliaga dunia ghafla, na Rais Dwight Eisenhower akamteua Warren, mtu ambaye hakuwa amehudumu kama jaji hata siku moja. Mezani alikuta kesi ya shule zilizotenganisha watoto weusi na weupe. Majaji walikuwa wamesikiza hoja mwaka wa 1952 na hawakuwa wameafikiana.

Hapa ndipo ujuzi wa siasa ulipofaa. Warren hakukimbilia kupiga kura. Aliwaendea wenzake mmoja mmoja, akawasikiliza, akala nao chakula cha mchana, hadi Stanley Reed wa Kentucky, aliyekuwa wa mwisho kusitasita, akakubali. Mnamo Mei 17, 1954, majaji wote tisa walitamka kwa sauti moja kuwa ubaguzi huo unakiuka katiba. Uamuzi wenyewe ulikuwa mfupi, kwa lugha ambayo msomaji wa gazeti angeielewa. Wengi wa mawakili wetu wangejifunza kitu hapo.

Aliyewaongoza mawakili wa familia za weusi katika kesi hiyo ni Thurgood Marshall, ambaye miaka sita baadaye aliwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya Lancaster House jijini London na kuandika rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya katiba yetu.

Mfano mwingine ni wa mipaka ya maeneo ya uwakilishi. Akiwa gavana mwaka wa 1948, Warren aliunga mkono mfumo uliowapa wakazi wote wa kaunti ya Los Angeles seneta mmoja tu wa jimbo, sawa na vijiwilaya vya milimani vyenye watu wachache mno. Mwaka wa 1964, akiwa Jaji Mkuu, aliandika uamuzi uliosema kuwa wabunge huwakilisha watu wala si ardhi, na mfumo wa aina hiyo ukaporomoka. Nasi tuna wazo lilo hilo katika Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010, ijapokuwa tumeruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Na mwaka wa 1966, kiongozi huyo wa zamani wa mashtaka ndiye aliyeandika kwamba polisi lazima wamfahamishe mshukiwa haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili kabla ya kumhoji.

Ni nini kilichombadilisha? Wapo wanaosema ni dhamiri, na sina sababu ya kuwapinga. Lakini kuna jambo kavu zaidi: hakuhitaji tena kura ya mtu. Jaji wa Marekani huhudumu maisha yake yote asipokosa maadili. Wahafidhina wa chama cha John Birch Society walisimamisha mabango barabarani wakitaka Warren ang'olewe, na mabango hayo hayakumtikisa.

Kenya inalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka wa 1988 Bunge lilibadilisha katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, ambao ulirejeshwa mwaka wa 1990. Majaji wa miaka hiyo wengi wao hawakuwa wanasiasa. Walijua tu ni nani angeweza kuwafuta. Leo jaji huhudumu hadi umri wa miaka 70, na haondolewi ila kupitia Tume ya Huduma za Mahakama na jopo maalum. Tunapomchunguza mwaniaji alikotoka, ni heri pia tuwatazame wale wanaotaka kurahisisha njia ya kumtoa.

Wala tusidhani kuwa joho lilimzika mwanasiasa ndani ya Warren. Mnamo Juni 1968, alipoona kuwa hasimu wake wa zamani kutoka California, Richard Nixon, huenda akashinda urais, aliarifu kuwa anataka kustaafu ili Rais Lyndon Johnson amteue mrithi. Johnson alimpendekeza Abe Fortas, Seneti ikamkwamisha, na mpango ukatibuka. Mnamo Januari 20, 1969, Warren alimwapisha Nixon kuwa rais. Miezi mitano baadaye alistaafu, na aliyeketi katika kiti chake alikuwa Warren Burger, chaguo la Nixon.