Kiingilio cha filamu isiyopendeza

Msomaji wetu mmoja, kijana anayefanya kazi kwenye karasha la mawe ya dhahabu huko Katoro, mkoani Geita, ametuuliza kama ni halali kumdai mwenye banda la video arudishe kiingilio. Amedai mara mbili, na mara zote mbili amefukuzwa mlangoni. Siku ya kwanza aliitazama filamu hadi mwisho, akaiona haina maana. Siku ya pili ubao wa nje uliandikwa kwa chaki jina la filamu mpya, lakini iliyowekwa ndani ilikuwa nyingine, ya zamani, ambayo alikwisha kuiona. Akatoka mapema.

Kijana huyu ameleta madai mawili katika bahasha moja, nayo hayafanani.

Kwa lile la kwanza, wachimbaji wenyewe wana mfano mzuri. Mtu akinunua kiroba cha mawe pale duarani, akakipeleka kusagwa, kikatoa dhahabu kidogo kuliko alivyotarajia, harudi kwa mwenye duara kudai fedha zake. (Kama ununuzi wa namna hiyo umesalimika na gharari ni suala jingine, na lina maneno marefu.) Mwenye duara aliuza mawe, hakuahidi gramu. Mwenye banda naye hauzi furaha. Anauza nafasi ya kukaa, umeme, na muda wa picha. Vyote hivyo kijana alivipata hadi tone la mwisho. Shati la mtumba lisilokutosha waweza kulirudisha likauzwa kwa mwingine, lakini filamu iliyokwisha kutazamwa utairudisha vipi?

La pili lina sura nyingine kabisa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta unyevu. Muuzaji alipojitetea kuwa ni mvua, Mtume alimuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione. Katika banda la video, ubao wa chaki ndio juu ya lundo. Aliyeandika jina moja akaonesha filamu nyingine amechukua fedha kwa kitu ambacho hakukitoa, na kuitaka fedha hiyo si ukorofi. Hata Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Ndivyo tunavyoliona pia suala la umeme kukatika katikati ya picha: hapo hakuna aliyedanganya, lakini mteja hajapewa alicholipia.

Lipo pia la wazazi. Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri. Mwenye banda akimwingiza mtoto wa darasa la nne kutazama picha ya watu wazima, ameuza asichoruhusiwa kukiuza. Mama akija kumtoa mwanawe, asione haya kudai na kiingilio.

Wapo watakaosema kuwa fedha yenyewe ni ndogo, ya nini kuyakuza mambo. Hatukubaliani nao. Kwa mtu ambaye siku karasha halizunguki hapati kitu, kiingilio ni sehemu ya chakula cha nyumbani. Lakini mwenye banda naye ana mafuta ya jenereta ya kununua. Akilazimika kumrudishia kila asiyefurahi, kesho hatafungua. Akipenda kumrejeshea aliyejuta, hiyo ni hisani, na ahadi ya msamaha wa Allah kwa mwenye kumkubalia mwenzake avunje biashara inajulikana. Hisani, hata hivyo, huombwa. Haidaiwi kwa kupiga mateke mabati ya mlango.

Basi kijana wetu aende mchana, kabla wateja hawajajaa, azungumze na mwenye banda kwa utulivu, na adai kiingilio cha ile siku ya pili peke yake.