Winga Yuko Wapi Kwenye Mchoro Wako?

Mwanafunzi wa biashara au TEHAMA katika vyuo vya katikati ya jiji hili hakwepi asainmenti moja: tafuta biashara, uliza inavyoendeshwa, chora mchakato wake. Na kwa kuwa kutoka CBE mpaka Kariakoo ni mwendo wa miguu, makundi mengi yanaishia huko huko. Wanarudi jioni na mchoro msafi kabisa. Kiduara cha kuanzia, maboksi matano, almasi moja yenye swali "Amelipa?", kiduara cha kumalizia. Mhadhiri anaangalia mishale, anatoa maksi, maisha yanaendelea.

Sasa uchukue mchoro huo, uupeleke Mtaa wa Kongo, umwonyeshe mtu anayeuza pale. Atacheka. Atakwambia, "Mdogo wangu, hii ni Kariakoo ya wapi?"

Hoja yangu ni hii: michoro yetu mingi ni mibovu, na ubovu wake hautokani na alama wala programu ya kuchorea. Unatokana na vichwa. Kichwa cha anayeuliza, kichwa cha anayejibu, na jinsi binadamu hao wawili wanavyobadilika wakikutanishwa na daftari katikati.

Upande wa alama dunia imejitahidi. BPMN, lugha ya michoro tunayofundishwa darasani, toleo lake la 2.0 lilitoka 2011 na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Ukiacha mshale unaning'inia, programu nyingi za kuchorea zitakupigia kelele. Lakini hakuna programu itakayokwambia, "Oya, kuna mtu umemsahau."

Na mtu anayesahaulika kuliko wote Kariakoo ni winga. Kwa mgeni wa jiji: winga ni yule kijana anayekudaka mtaani, anakuuliza unatafuta nini, anakwambia "kipo, twende". Dukani kwake hakuna, kwa sababu hana duka. Anakupeleka kwa mwenye mzigo, au anakuacha umekaa mahali anaufuata yeye. Tuseme mwenye duka anataka shilingi 20,000, winga akakwambia 26,000. Ukikubali, ile 6,000 ni yake. Huyo siyo mhuni wa pembeni. Kuna maduka ambayo bila mawinga mzigo unalala.

Haya, mchore. Mchoro wa kawaida una safu mbili, ya mnunuzi na ya muuzaji. Winga anakaa safu ipi? Bei halisi ni ipi, ya 20,000 au ya 26,000? Risiti iandikwe ngapi, na nani aitoe? Mzigo ukirudishwa kwa ubovu, unarudi kwa nani? Maswali manne, na hakuna hata moja lenye boksi kwenye ule mchoro msafi. Tena hapo sijagusa mwenye guta anayesubiri mzigo wala machinga aliyetandika turubai mbele ya duka hilo hilo.

Kwa nini winga hakuingia? Waliochora walimwona kwa macho yao. Pengine ndiye aliyewaonyesha njia.

Sababu ya kwanza ni swali lenyewe. Tunamfuata mwenye duka, tena bosi, tunamuuliza, "Huwa mnauzaje?" Swali la "huwa" linaita jibu la "inavyotakiwa". Mtu aliyevamiwa na wageni watano wenye vitambulisho shingoni hajui kama ni wanafunzi kweli au ni watu wa kodi waliovaa kistaarabu. Atakujibu kama anayejibu mtihani: mteja anakuja, analipa, anapewa risiti, anaondoka. Hajakudanganya. Amekupa kilicho salama kukisema. Na huo utamaduni wetu wa kumheshimu mkubwa unafunga mlango wa pili, kwa sababu kijana wa dukani anayejua kila kitu hawezi kufungua mdomo bosi akiwa ameshasema.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana, kuhusu njia za mkato ambazo akili hutumia. Moja ni kwamba jambo likikujia haraka kichwani unaliona ndilo linalotokea mara nyingi. Nyingine ni kwamba makadirio ya kwanza yanakuwa nanga: unayarekebisha kidogo kidogo lakini huyaachi. Angalia kazi zetu za makundi uone nanga hiyo ilivyo nzito. Mwenye laptop anachora rasimu usiku, anaituma kwenye grupu, wengine wanabadilisha rangi na kusahihisha tahajia. Kesho yake wanakwenda Kariakoo, siyo kuuliza tena, bali kutafuta mtu wa kuitikia walichokwisha kuchora.

Sababu ya tatu ni uwezo wa kichwa. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu anaweza kushika kwa mara moja kichwani vitu kama saba hivi. Mchoraji anayeelemewa ana njia mbili mbaya. Ama anapunguza mpaka kinachobaki ni hadithi ya watoto, ama anajaza kila kitu kwenye karatasi moja mpaka hata yeye haisomi. Watafiti Mendling, Reijers na van der Aalst walitoa miongozo saba mwaka 2010, na mmoja unasema mchoro ukipita vipengele 50, ugawe. Si kwa sababu kompyuta itachoka, ila msomaji wake ni binadamu.

Sababu ya nne hatuisemi sana: lugha. Tunahoji kwa Kiswahili, tunachora kwa Kiingereza, na njiani kuna vitu vinadondoka. Chukua mali kauli. Muuza jumla anampa mteja wake wa Mbeya mzigo bila hela mkononi, kwa neno tu, akishauza, analeta. Mwanafunzi anarudi chuoni anaandika kwa Kiingereza kwamba ni mauzo ya mkopo. Wapi! Mkopo una mkataba, una tarehe, una riba. Mali kauli ina kufahamiana, ina mtu aliyekutambulisha, ina simu za kukumbushana. Ukishaandika "mkopo", unaongeza maboksi ambayo hayapo, kama la kukagua dhamana, na unafuta lililopo: kumuuliza fulani kama huyu mtu ni mwaminifu. Na mpangilio wenyewe unapinduka. Kwenye mchoro wetu malipo yanatangulia mzigo, na kwenye mali kauli mzigo unatangulia malipo kwa wiki nzima au mwezi.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya maksi tu. Siyo. Tazama kaulimbiu ya kodi tunayoijua wote: "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Huo ni mchoro wa mchakato, wa wahusika wawili na hatua mbili. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na lengo lake ni halali kabisa. Barabara na bumu letu vinatoka kwenye kodi. Lakini tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakaa nao Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 maduka yakafungwa tena.

Sisemi migomo ile ililetwa na mchoro mbaya. Ndani yake kulikuwa na fedha, siasa na maumivu ya miaka. Lakini yasikilize malalamiko ya 2023 kwa sikio la mchora michakato: usajili wa stoo, kikosi kazi cha kodi, wateja kukamatwa njiani na mizigo yao. Chukua stoo. Kwenye karatasi, stoo ni chumba cha mfanyabiashara mmoja chenye bidhaa zake. Kariakoo duka linaweza kuwa la kuwekea sampuli tu, mzigo uko ghorofani au mtaa wa pili, na stoo moja inaweza kubeba mizigo ya watu kadhaa. Au chukua mteja anayedakwa na mzigo usio na risiti, wakati aliyempa mzigo ni winga, asiye na mashine wala duka. Sheria inamdai risiti mtu ambaye hajui hata amenunua kwa nani. Palipo na pengo kati ya mchoro na mtaa, anayetumbukia ni mnyonge.

Najua pingamizi lake. Wapo wanaosema, "Ukimchora winga na mauzo yasiyo na risiti, unahalalisha ukwepaji." Hapana. Darasani tunafundishwa michoro miwili, wa mambo yalivyo na wa mambo yatakavyokuwa. Daktari haandiki dawa kwa kuangalia picha ya mtu mzima wa afya. Ukianza na mchoro wa pili ukauita wa kwanza, hujarekebisha kitu, umeficha ugonjwa.

Sasa tufanyeje? Hatuhitaji programu mpya. Badala ya "huwa mnauzaje?", uliza "mteja wa mwisho jana, ilikuwaje?" Mtu akisimulia jana, winga anaingia mwenyewe kwenye hadithi. Muulize anayefanya, siyo anayesimamia peke yake, tena wakiwa mbalimbali. Simama pembeni nusu siku uangalie kabla hujatoa daftari, maana binadamu akijua anaangaliwa anabadilika. Watu wawili wa kundi wachore kila mmoja kivyake bila kuoneana, kisha mlinganishe; pale mlipotofautiana ndipo penye kazi. Andika maboksi kwa Kiswahili cha mtaani kwanza: "kumpa mali kauli", "kumlipa winga". Halafu rudi ukamsomee aliyekusimulia. Akicheka, muulize anacheka nini, uandike.

Na kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote: mkitoa maksi kwa unyofu wa mishale pekee, mtaletewa mishale iliyonyooka. Wekeni maksi za kurudi kwa muuzaji. Wekeni maksi kwa kundi linaloonyesha majibu mawili yaliyopingana badala ya kufuta moja ili mchoro upendeze.

Kariakoo yenyewe inatufundisha. Jina lake ni la Kiingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu walilichukua wakalikunja mpaka likatosha midomoni mwao. Ndivyo watakavyofanya na mfumo wowote tutakaowaletea. Wataukunja, na usipokunjika watauzunguka.

Miaka michache ijayo baadhi yetu tutakuwa tunaandika mifumo ya malipo, ya stoo, ya kodi. Mchoro utageuka kuwa programu, na programu haina aibu wala huruma. Ambaye hakuwemo kwenye mchoro hatapata kitufe cha kubonyeza, na siku akisimama mbele ya skrini ataambiwa hayupo. Kabla hujakabidhi asainmenti ya wiki hii, hesabu watu uliowaona mtaani, kisha hesabu safu kwenye karatasi yako.