Uzio Unaoitwa Kipindi

Watazamaji wengi wa miji inayokua ya Tanzania, Karatu ikiwamo, wanaamini kwamba huduma mpya ya utiririshaji, yaani huduma inayomfikishia mtu filamu na tamthilia kwa njia ya intaneti kwa malipo ya kila mwezi bila kumhitaji awe na dishi wala kisimbuzi, inastahili kulipiwa iwapo tu ina vipindi vyake yenyewe ambavyo havionekani kwingine. Imani hiyo imezoeleka kiasi kwamba swali la kwanza linaloulizwa huduma mpya inapotangazwa ni lile la vipindi vyake vya pekee, na jibu likiwa la kuridhisha, maswali mengine huachwa bila kuulizwa.

Kosa la imani hiyo ni kuchanganya ubora wa kazi na umiliki wa kazi. Kile ambacho matangazo hukiita kipindi cha asili, katika lugha ya mikataba ni kipindi kilichogharimiwa au kununuliwa na kampuni moja kwa sharti kwamba jirani yake asikionyeshe. Neno hilo halisemi lolote kuhusu hadithi, uigizaji wala lugha ya kazi yenyewe. Linachoeleza ni uzio uliojengwa kuizunguka. Mfugaji wa Rhotia, wilayani Karatu, anayekwenda mnadani hamsifu ng'ombe kwa wingi wa miiba iliyozunguka boma alimotoka, lakini mtazamaji anayelipia huduma kwa sababu ya vipindi vyake vya pekee anafanya jambo linalokaribiana sana na hilo.

Historia ya utazamaji nchini inaipinga imani hii waziwazi. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilionyesha tamthilia ya Kichina inayosimulia maisha ya binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Kazi hiyo haikutungwa kwa ajili ya Watanzania na kwao China ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Kilichoifikisha sebuleni ni Kiswahili, pamoja na ugomvi wa mkwe na mkwewe, jambo ambalo halihitaji mkalimani popote pale. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Azam TV, Sultan ikiwa mojawapo, zilifuata njia ileile: zilikuwa za mitumba kwa maana kamili ya neno hilo, na bado watu walipanga ratiba ya chakula cha usiku kwa kuzifuata.

Kabla ya hizo zote palikuwa na vibanda umiza, yaani vyumba vya kuonyeshea video vyenye mabenchi yasiyo na huruma kwa mgongo wa mtu, ambamo filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani zilionyeshwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake. Lufufu, msimulizi ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima, hakuwa mmiliki wa filamu hata moja kati ya hizo alizozisimulia, lakini kwa watazamaji wake yeye ndiye aliyekuwa upya wa kazi. Hali ya kisheria ya biashara hiyo haikuwa safi, na hapa haitetewi. Inatajwa kwa sababu inaonyesha mahali ambapo mtazamaji alikuwa tayari kuweka sarafu yake.

Kampuni zenyewe zinaujua ukweli huu, pengine kuliko wateja wao. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu, kwa kuwa ilifahamu kwamba Simba na Yanga ndizo zinazouza kisimbuzi na tamthilia huja zikiwa zimepanda gari lililokwisha kujaa. Showmax, huduma ya MultiChoice iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2015, ilipozinduliwa upya Februari 2024 ilijinadi kwa vipindi vyake vya Kiafrika, lakini kando yake iliweka kifurushi cha simu kwa ajili ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kama vipindi vya pekee vingetosha kumvuta mteja na kumtunza, kusingekuwa na sababu ya kuingia gharama ya mpira wa Wazungu.

Hoja kwamba vipindi vya pekee hudumu nayo ni dhaifu. Anayelipia huduma kwa ajili ya vipindi vyake hudhani kwamba anajiunga na ghala litakaloendelea kujazwa, na kwamba kilichomo hakitaondolewa kwa kuwa ni mali ya mwenye ghala. Mambo yote mawili yamekwisha kukanushwa na matukio. Januari 2024 Amazon, kupitia Prime Video, ilitangaza kwamba inaacha kugharimia vipindi vipya vya pekee barani Afrika na Mashariki ya Kati, na mpango uliokuwa umepambwa kwa maneno makubwa ukafika mwisho. Ama kuhusu kilichokwisha kutengenezwa, HBO Max iliiondoa Westworld kwenye ghala lake Desemba 2022, na Disney+ ikaiondoa Willow Mei 2023, ikiwa haijatimiza hata mwaka tangu ianze kuonyeshwa, ingawa kila moja ilikuwa kazi ya kampuni yenyewe. Mwenye uzio ana haki ya kufunga lango, na pia ana haki ya kuliteketeza zizi.

Kwa mtazamaji wa Karatu iko hesabu nyingine ambayo matangazo huipita kimya, nayo ni ya bando, yaani kiasi cha data kinachonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi. Netflix imewahi kuwaeleza wateja wake kwamba saa moja ya picha za ubora wa kawaida inaweza kutumia hadi gigabaiti 1, na za ubora wa juu hadi gigabaiti 3. Tamthilia fupi yenye sehemu 8 za saa mojamoja inaweza basi kula hadi gigabaiti 8 katika ubora wa kawaida na hadi 24 katika ubora wa juu, gharama ambayo haimo katika bei iliyotangazwa na ambayo dishi haliitozi hata kidogo. Mji wa Karatu umepitiwa na barabara kuu iendayo lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na hali yake si mbaya. Lakini kadiri mtu anavyosogea kwenye mabonde ya Eyasi au kwenye vijiji vya nyanda za juu za Ngorongoro, ambako mlima mmoja unatosha kuukinga mnara, ndivyo malipo ya mwezi mzima yanavyogeuka kuwa malipo ya siku chache tu ambazo mtandao umekubali.

Watetezi wa imani hii wanayo hoja moja nzito isiyostahili kudharauliwa, kwamba fedha za wanaojiunga ndizo zinazowezesha kazi za Afrika Mashariki kutengenezwa kwa viwango vya juu. Ni kweli kwamba Showmax iligharimia kazi za Kenya kama Crime and Justice mwaka 2021, na kwamba Netflix ilitoa Country Queen mwaka 2022, ikiwa tamthilia yake ya kwanza ya pekee kutoka Kenya. Mfano huo wa pili unafaa kutazamwa kwa karibu. Country Queen inasimulia juu ya mwanamke wa Nairobi anayerudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya watu wake, na wahusika wake wanachanganya Kiingereza, Kiswahili na Kikamba. Ilitoka mwaka uleule ambao kaya za kwanza za Ngorongoro zilihamia Msomera wilayani Handeni, huku mabishano makali yakiendelea juu ya hiari na haki ya kuhama huko. Ni vigumu kufikiria watazamaji wanaoweza kuielewa hadithi hiyo kwa undani zaidi ya watu wa Endulen na Nainokanoka, huko Ngorongoro, na ni vigumu vilevile kufikiria watazamaji waliowekwa mbali nayo zaidi yao. Uzio ulioizunguka kazi hiyo ndio uliowafungia nje wale iliyowahusu. Ikilinganishwa na Siri ya Mtungi, tamthilia ya Kitanzania ya mwaka 2012 iliyogharimiwa na fedha za elimu ya afya na kuonyeshwa kwenye televisheni za kawaida, inaonekana wazi kwamba kazi nzuri inaweza kulipiwa bila kufungiwa. Tamthilia za Huba na Jua Kali, zilizoonyeshwa katika chaneli ya Maisha Magic Bongo, nazo zilikuja katika kifurushi cha dishi pamoja na chaneli nyingine, na hakuna aliyelazimika kuzilipia peke yake.

Ngorongoro yenyewe imekuwa mali ya pekee ya wengine kwa muda mrefu. Filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kushinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, iliyatembeza mandhari ya eneo hili duniani, na Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, amezikwa ukingoni mwa kreta. Hatari!, filamu ya mwongozaji Howard Hawks yenye mwigizaji John Wayne, ilifuata mwaka 1962. Tangu wakati huo kamera hazijaacha kuja, na picha zinazopigwa hupelekwa kuuzwa kwa watazamaji wa mbali, kwa lugha za mbali, kisha wenyeji huambiwa walipie waweze kuona kwao.

Anayetaka kujiunga na huduma mpya hana haja ya kususa. Anaweza kusubiri tamthilia anayoitaka ikamilike, akalipia mwezi mmoja wa masika wakati watalii ni wachache na jioni ni ndefu, akaitazama yote, akajitoa. Kampuni hazipendi mteja wa namna hiyo, na hilo linatosha kuonyesha kwamba bei ya mwezi imepangwa kwa kutegemea miezi ambayo mtu analipa bila kutazama. Mwenye kibanda umiza hakuwahi kuwa na nafasi kama hiyo. Alitoza kiingilio cha usiku mmoja, mteja aliyechoshwa akatoka akiwa na nauli ya kwenda kibanda cha pili, na kwa hiyo ubao wake wa mlangoni uliandikwa mechi kwanza, kisha filamu iliyotafsiriwa, bila nafasi hata ndogo ya kuandika jina la aliyeigharimia.