Wao Wapime Neva, Sisi Tukatwe Miguu?

Kuna hoja ambayo nimeisikia katika vikao vya kitaaluma na hata katika vinywa vya wanafunzi wangu, nayo imenichosha. Inasema kwamba utafiti wa hali ya juu ni anasa ya mataifa tajiri. Kwamba nchi ambayo zahanati zake hukosa vipimo vya sukari haina haki ya kuzungumzia hadubini za kutazama neva za jicho. Husemwa kwa sauti ya kumhurumia maskini. Mimi nashikilia kwamba huruma ya namna hii ndiyo inayomgharimu maskini mguu wake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu neva, hasa zile ndefu ziendazo miguuni. Nyuzi nyembamba, zinazobeba hisia za maumivu na joto, huathirika mapema. Wagonjwa wengine huhisi miguu ikiungua usiku kucha. Wengine hawahisi lolote, na hao ndio walio hatarini zaidi. Mtu hukanyaga msumari akatembea nao, kidonda kikaoza kabla hajajua kuwa ana kidonda. Mwisho wa safari hiyo mara nyingi ni msumeno wa daktari wa upasuaji. Madaktari wetu, akiwemo Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, wameandika na kufundisha juu ya mguu wa kisukari kwa miaka mingi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika watu wazima milioni 24 walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba asilimia 54 kati yao hawakuwa wamegunduliwa.

Dawa za kuwasaidia ziko wapi? Pregabalini na duloksetini hupunguza maumivu. Hazioteshi neva iliyokufa. Kudhibiti sukari husaidia, kama ulivyothibitisha mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada juu ya wagonjwa wa aina ya kwanza ya kisukari. Lakini dawa ya kuirejesha neva yenyewe imetafutwa kwa miongo kadhaa, na majaribio mengi yameishia patupu. Epalrestati hutumika Japani, lakini haikupata idhini Marekani.

Sababu moja ya kushindwa huko ni kipimo. Neva huharibika polepole na hupona polepole zaidi, ilhali majaribio ya dawa huchukua miezi au miaka michache. Kipimo cha umeme wa neva huona nyuzi nene, si zile nyembamba zinazoumia mapema. Kukata kipande cha ngozi ili kuhesabu nyuzi zake huacha jeraha, na si kila mgonjwa atakubali kurudia. Basi dawa inaweza kuwa imeanza kufanya kazi, lakini ikahukumiwa kuwa haina maana kwa sababu mizani ilikuwa ya kupimia magunia, nasi tulikuwa tunapima dhahabu.

Hapa ndipo jicho linapoingia. Konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi kupita zote. Na kwa kuwa ni angavu, neva zake huonekana bila kisu. Hadubini ya konfokali, ambayo Marvin Minsky aliiombea hataza nchini Marekani mwaka 1957, humulika nukta moja kwa kina kimoja na kuuzuia mwanga utokao juu na chini yake, hivyo tabaka jembamba huonekana peke yake. Mgonjwa hutiwa tone la dawa ya ganzi, lenzi hugusishwa konea kupitia jeli, na baada ya dakika chache picha imepatikana: nyuzi nyeupe juu ya weusi, zimelala sambamba kama matuta ya shamba. Kwa mwenye neva zilizoharibika, matuta hayo huwa machache, mafupi na yenye matawi haba.

Watafiti wa Manchester, wakiwa na Profesa Rayaz Malik ambaye baadaye alihamia Doha, walichapisha mwaka 2003 ushahidi kwamba hali ya neva za konea hulingana na ukali wa uharibifu wa neva za miguu. Mwaka 2013 wakaeleza juu ya wagonjwa wachache waliopandikizwa kongosho na figo: ndani ya mwaka mmoja neva za konea zilianza kuota upya, ilhali kipimo cha umeme na kile cha ngozi vilikuwa bado havijaonyesha nafuu. Maana yake ni kubwa. Mtafiti wa dawa anaweza kuona dalili ya kupona mapema, akaamua mapema ni dawa ipi iendelezwe na ipi iachwe.

Sasa nauliza: nani anaandika kanuni za kipimo hiki? Vituo vinavyotajwa sana viko Manchester, Doha, Brisbane na Toronto. Siwalaumu, wamefanya kazi. Lakini wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Neva za konea haziharibiwi na kisukari peke yake. Hupunguzwa pia na malengelenge ya jicho, na makovu ya trakoma, na virusi vya UKIMWI. Ni nani atakayebainisha, katika jicho la mkulima wa Dodoma aliyeugua trakoma utotoni na kupata kisukari uzeeni, kipi kimesababishwa na nini? Daktari wa Toronto hana wagonjwa hao. Sisi tunao. Tusipopima, dawa itakapokuja itakuwa imethibitishwa kwa miili mingine, kwa bei iliyopangwa mezani tusikoketi.

Wala mtu asiniambie kwamba hatuwezi. Kongwa, mkoani Dodoma, imekuwa kwa miongo kadhaa mojawapo ya mahali muhimu duniani pa utafiti wa trakoma. Macho ya wanakijiji wa Kongwa yamechangia maarifa ya namna ya kuitibu trakoma katika nchi nyingine pia. Hoja ya anasa ilikanushwa huko zamani, ila wanaoirudia hawajafika.

Najua pingamizi mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza ni fedha. Siombi kila hospitali ya mkoa inunuliwe hadubini, ikatiwe utepe kisha ifunikwe kwa shuka kwa kukosa fundi. Tumeona ya kutosha. Naomba kituo kimoja cha taifa, ndani ya hospitali ya kufundishia yenye wataalamu wa macho na wa kisukari. Ya pili ni kwamba picha si mguu. Kweli kabisa. Nyuzi zikiongezeka jichoni, haimaanishi lazima kwamba ganzi imeondoka unyayoni. Ndiyo maana utafiti wa hadubini ukitenganishwa na uchunguzi wa miguu ni ulaghai. Uzi wa nailoni unaojipinda kwa mkandamizo wa gramu 10 hugharimu kidogo sana na humwambia muuguzi ni mgonjwa yupi amekwisha kupoteza hisia. Kliniki ya kisukari isiyowavua wagonjwa viatu haina kisingizio cha bajeti.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma wanaonisoma, nasema hivi. NIMR na COSTECH ndizo zenye kalamu ya kuidhinisha tafiti nchini. Kila jaribio la dawa ya neva litakaloomba kibali lioneshe ni mtafiti gani wa hapa atakayemiliki takwimu pamoja na wageni, na mgonjwa aliyejitolea atapataje dawa hiyo ikifaulu. Azimio la Helsinki tayari linadai jambo hilo la mwisho; hatuhitaji kubuni sheria mpya ili tulitekeleze. Tena mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika uliazimia kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Waulizeni wabunge wenu asilimia hiyo imefikia wapi.

Kwa wanafunzi wangu wa tiba, fizikia na kompyuta: kuhesabu nyuzi katika picha hizi sasa ni kazi ya programu, na programu hujifunza kutokana na picha inazopewa. Zikiwa ni picha za watu wengine tu, itatusoma sisi vibaya. Hilo ni somo la shahada ya uzamili linalosubiri mwenyewe. Na kwa wanaharakati: mkidai dawa ya kisukari, dai lenu lianze pale dawa inapojaribiwa. Ikishafika dukani ikiwa na bei yake, mtakuwa mmechelewa.