Istilahi za Ramani: Fundi wa Malaba Aulizwe

Ni dhahiri kwamba istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimeundwa zaidi kwa ajili ya ofisi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, nayo ilistahili pongezi. Hata hivyo, uchoraji wa majengo kwa kompyuta, pamoja na ukataji wa chuma kwa mashine inayoufuata mchoro huo, umebaki nje ya mjadala.

Mkazi wa Busia au Malaba anayetaka shahada ya usanifu majengo huelekea mbali: Nairobi, Juja au Makerere. Kijana anayebaki hujifunza kwa fundi wa jua kali. Huko milango na madirisha huchomelewa (kamusi husema kulehemu, mafundi hawana habari), na vipimo hutajwa kwa futi na inchi. Lugha ya karakana ni Kiswahili, kwani mwanagenzi huenda akawa Mteso, Msamia au Mbukusu, na mteja ametoka ng'ambo ya Uganda. Kijana huyo akifunguliwa AutoCAD, hukabiliwa na amri za Kiingereza na, mara nyingi, vipimo vya milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Geti la futi 10 likiandikwa 120 kwa maana ya inchi, na mashine ikasoma milimita, litatoka jembamba kuliko daftari. Mashine haiulizi, hukata. Bati likiharibika, hasara ni ya fundi.

Wapo wanaodai kwamba Kiingereza kinatosha. Hoja hiyo ina uzito kwa atakayeajiriwa Nairobi. Mwanagenzi wa Malaba humfanya mjinga wa kazi aliyokwisha kuijua. Wanaisimu nao hukimbilia kuunda maneno marefu yasiyotamkika, ilhali fundi tayari ana ramani, mkato, timazi, pimamaji, boriti na linta. Kwa nini timazi isiwe amri ya kusimamisha mstari wima? Kwa nini tabaka lisitumike kwa sehemu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine?

FreeCAD ni programu huria, na menyu zake zaweza kutafsiriwa na yeyote. Chuo Kikuu cha Alupe kiko papo hapo Busia. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, daftari moja na miezi mitatu katika karakana za Malaba vingetosha kuanzia.