Mpagazi Asifiche Kichwa Kinachouma

Ndugu msomaji, kama kijana wako ni mpagazi Kilimanjaro, zungumza naye kabla hajapanda tena. Kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina takribani nusu tu ya oksijeni tunayovuta pwani. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, asipande zaidi. Akipepesuka kama mlevi, au akihema ilhali amekaa, huenda ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji: ateremshwe saa ileile, hata usiku, wala asiachwe peke yake. Panadol hutuliza kichwa tu, haiongezi hewa. Wengi huficha wakihofia kukosa ujira, na wapo wanaouita huo uanaume! Mimi nasema ujira huo auache. Ikiwa ni Ramadhani, msafiri anayo ruhusa ya kufungua. Anywe maji, siku atazilipa akirudi.