Mbwa Si Kuku wa Broila

Kuna ugonjwa umeingia mtaani na haujaletwa na kupe. Ni huu wa watu kupimana ubabe kwa kilo za mbwa. Pita Kawangware Jumamosi, ama ukate Kibera upande wa Makina, utakutana na kijana ameshika mnyororo, na mwisho wa mnyororo kuna mtoto wa Boerboel au Great Dane. Swali la kwanza ni, "Ana kilo ngapi?" Hakuna anayeuliza anakula nini. Hakuna anayeangalia anavyotembea.

Mimi huuliza, na majibu hunikasirisha. "Boss, huyu ni wa mwili, lazima asukumwe." Kusukumwa ni sufuria nzima ya ugali mara moja kwa siku, maziwa ya unga juu yake, halafu vidonge vya kalsiamu kutoka agroveti eti mifupa ikomae haraka. Muuzaji anajua mteja anataka mwili, kwa hivyo anatengeneza mwili. Pesa ikishaingia kwa simu, miguu ya huyo mbwa si shida yake tena.

Niliacha chuo bila digrii, lakini hili halihitaji digrii: ukubwa wa mbwa uko kwenye damu ya wazazi wake. Chakula hakimwongezei kimo ambacho hakurithi. Kinaweza tu kumkimbiza afike huko kabla viungo vyake havijaweza kubeba uzito. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio yao na watoto wa Great Dane. Kundi moja lilikula lilivyotaka, lingine likapewa theluthi mbili ya kiasi hicho. Waliokula bila kipimo ndio walioharibika zaidi mifupa na viungo. Miaka ya 1980, watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakaonyesha kwamba kalsiamu nyingi huwaharibu vivyo hivyo. Mbwa akiwa mdogo, mwili wake haujui kuikataa ile iliyozidi. Na usikimbilie upande wa pili umpe nyama tupu, kwa sababu nyama haina kalsiamu ya kutosha na mifupa italegea.

Haya si mambo mapya. Yana zaidi ya miaka 40, na bado tunauziana vidonge kama peremende.

Halafu kuna ile sufuria moja kwa siku. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akibugia mlo mmoja mzito, tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota. Hapo una saa chache tu za kumfikisha kwa upasuaji, na usiku wa manane matatu yote ya Kawangware yamelala.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kitu kinaitwa "unga wa mbwa". Mahindi yakioza, yakiota ukungu, mtu hayatupi. Anayasaga na kuyauza rahisi, eti ni ya mbwa tu. Nani alisema mbwa ana tumbo la chuma? Sumu ya aflatoksini inayotoka kwenye ukungu huo huua ini, na mbwa ni kati ya wanyama wanaodhurika nayo haraka. Huko Marekani, mwishoni mwa 2005, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula cha dukani kilichokuwa na mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Ugali uive mpaka uungue, sumu bado imo.

Na sisi Wakenya tunaijua vizuri. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye aflatoksini, na 125 wakafa. Sasa fikiria watu wetu wanaovuka asubuhi kutoka Kawangware kwenda Lavington, au kutoka Kibera kwenda Karen, kulinda mageti na kupikia mbwa wa wenyewe. Nimemsikia mwajiri akimwambia mlinzi ajichotee unga wa mbwa akisikia njaa. Mradi soko la unga mbovu lipo, usidhani utaishia kwenye bakuli la mbwa.

Najua kuna mtu ataniambia, "Watoto wa jirani wamelala njaa, wewe unapigia mbwa debe." Sawa. Lakini hakuna aliyelazimishwa kununua mnyama wa kilo 60. Mbwa koko analinda ploti vizuri na anakula kidogo. Kama huna chakula cha Great Dane, usinunue Great Dane. Kununua sifa halafu umwachie mnyama alipe kwa miguu yake ni uonevu.

Kama tayari unaye, mpe unga ule ule unaoweza kula wewe. Matumbo, maini na mapafu yapikwe yaive, kwa sababu mbichi humwambukiza minyoo inayoweza kuhamia kwa binadamu na kumjaza uvimbe ndani ya ini. Ongeza omena na mboga. Kitunguu hapana. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Gawanya chakula, mdogo ale mara tatu au nne kwa siku, mkubwa angalau mara mbili, na umwache mwembamba kiasi kwamba ukimpapasa unaguza mbavu. Atakua mpaka mwaka mmoja na nusu au miwili, kwa hivyo tulia. Kabla hujamwaga kidonge chochote, uliza daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi kinawafundisha pale Upper Kabete, si mbali na sisi.

Na wewe unayeenda kununua Jumamosi hii, usiulize kilo. Mwambie muuzaji amfungue mnyororo atembee, halafu akuonyeshe gunia la unga anaomlisha. Akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.